Ramani Isiyotulia

Mama Ramani hakuwahi kumaliza nyumba hata moja. Nyumba zilijengwa, watu wakahamia, wakazaa humo na kugombana humo, naye bado kichwani alikuwa akizihamisha kuta zao. Mtaa wao alikuwa amechora karibu nusu ya nyumba zake. Akiupita, hakuona nyumba; aliona mambo ambayo angeyafanya vingine, yamepakwa rangi na kuwekewa mapazia.

Zamani, karatasi ilimwokoa. Alichora kwa penseli, akafuta, akachora, mpaka karatasi ikatoboka. Kisha mdogo wake, mwashi, alifika na mikono yake yenye saruji kavu na kumnyang'anya.

"Lete hapa, dada, kabla hujaihamishia nyumba ya watu barabarani."

Karatasi ikishaondoka, imeondoka. Yeye alibaki mezani akihangaika na nakala yake, lakini mahangaiko yale hayakumdhuru mtu. Kule saiti, kwenye ujenzi, ukuta ulisimama pale ulipochorwa.

Halafu kompyuta yake ilikufa, na ramani za miaka zikafa nayo. Binti yake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya bima, ndiye aliyemletea kompyuta nyingine na dawa ya ugonjwa ule.

"Sasa hizi zitakaa kwenye wingu, mama."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mama, acha utani. Wingu ni jina tu. Ni kompyuta kubwa kubwa, ziko kwenye majengo ya kampuni fulani, zinapoozwa usiku na mchana. Wewe unapanga nafasi humo, kama mtu anavyopanga chumba. Hata sisi ofisini mafaili ya wateja tunayaweka huko. Ukihitaji nafasi zaidi unaongeza, usipohitaji unapunguza. Kompyuta hii ikifa kesho, unafungua nyingine unaendelea."

"Watu wengine je? Si watachungulia?"

"Ndiyo maana kuna nywila, na usimpe mtu. Atakayeona ni yule uliyemruhusu tu. Mimi nimemruhusu mjomba. Akifungua simu yake asubuhi anakuta ramani ileile, kama ulivyoiacha."

Mama Ramani aliitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia maelezo ya duka la dawa huku mawazo yake yapo kwenye bei. Alichokisikia ni kwamba hakuna kitakachopotea tena. Na chini ya furaha hiyo kulikuwa na nyingine aliyoificha: kwamba hakuna kitakachofungwa. Angeweza kuendelea, mahali popote, bila mwisho.

Kazi ya kwanza aliyoiweka huko ilikuwa nyumba ya muuguzi mstaafu. Mume wa muuguzi alipigwa na kiharusi, miguu ikagoma, na sasa alitembelea kiti cha magurudumu. Muuguzi alikuja kwa Mama Ramani, akakaa, akasema jambo moja tu kwa mkazo.

"Nimebeba wagonjwa maisha yangu yote. Huyu wangu sitaki abebwe. Kule tunakopanga, kila akienda bafuni lazima aitwe kijana wa jirani amnyanyue. Mwanaume mzima! Nataka aingie mwenyewe na kufunga mlango mwenyewe. Mengine yote chora unavyotaka."

Mama Ramani akauchora mlango wa bafu mpana, na ndani akaacha nafasi ya kiti kugeuka. Ramani ikapita, msingi ukachimbwa, kuta zikaanza kupanda.

Jioni moja akaona bafu halina pa kuweka taulo. Kosa dogo, lakini lilimwasha kama upupu. Akasogeza ukuta, akaubana mlango kidogo, akachomeka kabati jembamba. Aone tu. Likampendeza. Simu ikaita, akasimama kuongea, maji yakachemka jikoni, akaifunika kompyuta na kwenda zake.

Kesho yake mchana alikuwa kwenye foleni ya ofisi moja akisubiri muhuri wa ramani nyingine. Kukaa bure hakukuwa kazi yake. Akatoa simu, akafungua nyumba ya muuguzi, na macho yake yakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa bafu. Ulikuwa mwembamba. Pembeni, maandishi madogo yakamwambia kwamba mdogo wake ameifungua ramani ile asubuhi.

Akampigia simu, haikupokelewa. Akapiga tena. Akakumbuka kuwa binti yake alimwonyesha jinsi wingu linavyotunza ramani kama zilivyokuwa kabla ya kila badiliko. Akaitafuta ile ya juzi, akaigusa, na mlango ukarudi kuwa mpana palepale. Kwenye wingu jambo lilikuwa limekwisha. Kwenye saiti lilikuwa linakauka.

Akaacha foleni, akaita pikipiki.

Alipofika aliwakuta wamesimama, mdogo wake na muuguzi. Kati yao, kwenye uwazi wa mlango, kiti cha magurudumu kitupu kilikuwa kimekwama. Muuguzi alikuwa amekileta kujaribu. Juu yake boriti ya zege ilikuwa bado mbichi, imeshikiliwa na mbao.

"Fundi, umenipunja," muuguzi alikuwa akisema. "Au futi yako imelewa?"

"Nimejenga nilichokikuta kwenye simu, mama." Mwashi alimwona dada yake, akasogea pembeni. Alimwachia yeye nafasi ya kusema.

"Si yeye," Mama Ramani akasema. "Ni mimi. Jana nilitaka kabati."

"Kabati la nini?"

"La taulo."

"Taulo!" Muuguzi akacheka, kicheko kisicho na ucheshi hata kidogo. "Mume wangu aendelee kubebwa ili taulo zikae vizuri?"

Mwashi akaifuta simu yake kwenye suruali. "Karatasi haikuwa na tabia hii, dada. Ukiipokea jioni, asubuhi unaikuta ilivyolala. Sasa nyumba inatembea. Zege hili nikilivunja sasa hivi, litavunjika. Likilala hapa, tutapasua ukuta mzima. Lakini sishiki nyundo mpaka useme upana, na ukishasema, usiseme tena."

Wakampigia binti, sauti ikafunguliwa wote wasikie.

"Mama, natenganisha mafaili mawili. Moja lako, livuruge utakavyo. La pili ni la ujenzi: mjomba anaangalia tu, na wewe huligusi mpaka yeye akubali. Hakiki upana, kisha bonyeza pale palipoandikwa funga."

Kidole cha Mama Ramani kikaganda juu ya kioo cha simu.

"Bonyeza," mdogo wake akasema.

"Subiri. Mlango ufungukie nje."

"Haya, tumeanza!"

"Akianguka ndani na kiti kikauziba, nani atausukuma?"

Mwashi akamgeukia muuguzi, akitegemea msaada. Muuguzi alikuwa akiutazama uwazi ule kwa macho ya kazi yake ya zamani.

"Ufungukie nje," akasema taratibu. "Hilo, kweli, sikulifikiria."

Mama Ramani akaugeuza mlango. Akabonyeza.

Nyundo ikaanza. Vumbi lilipozidi akavua viatu vyake vya ofisini, akaingia kuokota vipande na kuvirusha nje, kwa kuwa mikono ilidai kitu cha kufanya. Uwazi ulipotanuka, muuguzi akakisukuma kiti juu ya vifusi. Kikapita. Akakigeuza ndani mara moja, bila kugusa popote, akatoka nacho, akasimama akihema kana kwamba amepanda mlima.

"Mama Ramani, vipi?" akauliza.

Mama Ramani aliangalia nafasi iliyobaki kati ya gurudumu na ukuta. Upande wa kushoto ilikuwa kubwa kidogo kuliko kulia. Aliiona waziwazi, na mdogo wake akamwona akiiona.

"Iko sawa," akasema, akainama kuokota kipande kingine.