Mbuzi Aliyejadiliwa na Madiwani

Kwa miaka mitatu mizima niliamini, na nikawaaminisha wengine, kwamba mama mmoja wa Kipemba hapa mashariki mwa London alikuwa anafuga mbuzi kwenye ghorofa ya nne. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi Peckham, mahali ambapo hakuna neno linalotoka likiwa na uzito ule ule lilioingia nao. Niliambiwa mbuzi analala kwenye beseni la kuogea, anakula maua ya majirani, na kila Jumapili ya kiangazi hupelekwa bustani ya mtaa akiwa amefunikwa kanga ndani ya kikapu cha magurudumu, kile ambacho akina mama huenda nacho sokoni. Sikuuliza swali hata moja. Sasa Jumanne iliyopita ujumbe wa sauti ukaingia kwenye simu yangu: Bi Mkubwa yule ametutoka, na ameshazikwa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtanisamehe, leo sina siasa wala bei za nyumba. Nina marehemu, na mbuzi wake.

Tulijuana shule ya jioni, darasa la Kiingereza. Mimi ni mtu wa milimani Kenya, ambako mnazi ni picha kwenye kalenda, na nazi ya kwanza kuishika maishani niliishika Lewisham, ikiwa ndani ya kopo. Nilisoma kwa bidii ya kutisha, nikapata cheti ambacho nimekitundika sebuleni pale watu wengine wanapotundika picha ya harusi. Yeye alihudhuria mihula miwili, akafunga daftari. "Mwanangu," aliniambia, "hiki Kiingereza kimenikataa kwa heshima, na mie nakiacha kwa heshima." Tangu siku hiyo akawa ananiita Mwalimu, na mimi sikumkataza. Sifa zake zilikuwa kule bustanini: kila kiangazi aliwakusanya watu kwenye nyasi, Wapemba, Waunguja, Wakenya, Wakongo, na yeyote aliyepita akasikia harufu. Inasemekana foleni ya mihogo yake ilifika stesheni. Mimi Jumapili zote nilikuwa zamu hospitalini nikisukuma wagonjwa, kwa hiyo nilishiba kwa kusimuliwa.

Halafu mwaka mmoja kijana alichomwa kisu katika bustani ile, akafa. Halmashauri ikaleta pendekezo: kundi lolote litakalokutana bustanini lisiwe na chuma chenye makali kilichofichwa, si mfukoni, si ndani ya kikapu, hata kama ni cha kukatia keki, na kundi litakaloshindwa kutii linyimwe kibali. Wakazi wakaitwa kutoa maoni, na Bi Mkubwa, akiogopa kunyang'anywa mkusanyiko wake, akanichukua mimi nikawe mkalimani. Nilivaa tai pana kama kitambaa cha meza. Mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani ya kamba, akamwomba aeleze anachobeba kwenye kile kikapu.

"Mwambie mna mbuzi yangu," akasema Bi Mkubwa.

Kumbe ni kweli. Nikafasiri kwa sauti ya kitaaluma kwamba ndani mna mbuzi. Niligundua kwamba amesema "mbuzi yangu" badala ya "mbuzi wangu", lakini nikamsamehe. Si kila mtu amepata alama za juu za sarufi kama mimi. Mwenyekiti akauliza kama mbuzi huyo huuma.

"Bi Mkubwa, wanauliza kuhusu meno."

"Meno yapo, tena makali. Bila meno itakuna nini?"

Nikafasiri kwamba ana meno makali na anapenda kujikuna. Wakauliza habari za watoto wanaocheza karibu. "Hawaigusi," akajibu, "maana mwenyewe huwa nimeikalia mpaka nimalize." Nikafasiri kwamba humkalia. Diwani mmoja akaweka kalamu chini taratibu. Na akishamaliza? "Naikunja, naifunga kanga, naitia kikapuni, natoka zangu." Hapo nilitumia busara, nikasema humkunja miguu.

Kicheko kilikuwa kimeanza viti vya nyuma aliposimama mama mmoja mwenye koti jeusi. Alisema mwanawe hakuuawa na mnyama. Aliuawa na kisu kilichofichwa ndani ya koti, na yeye hajui kwa nini watu wanacheka. Nilitamani sakafu inimeze na tai yangu. Bi Mkubwa akanivuta mkono: "Asema nini?" Nikamwambia. Akainuka, akaacha kumtazama mwenyekiti, akamtazama mama yule.

"Mwambie mie sigombanii chuma. Wakisema ibaki nyumbani, itabaki. Ila wasitutoe bustanini. Tukiondoka sisi wenye masufuria, watabaki wenye visu peke yao."

Hilo nililifasiri neno kwa neno, bila pambo. Mama yule aliuondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, na Bi Mkubwa akaenda akakaa pale.

Wiki chache baadaye barua ikaja, nikamsomea: kibali kimetolewa, vyakula vikatwe nyumbani, na mbuzi asije. "Ndivyo nilivyotaraji," akasema, akashukuru Mungu, tukaagana kila mmoja na mbuzi wake kichwani. Niliomba likizo Jumapili moja nikaenda. Watu walijaa, mama wa koti jeusi alikuwa anagawa sahani, lakini Bi Mkubwa alikaa tu kwenye nyasi, viganja vimelala mapajani. "Mwalimu," akaniambia, "mikono yangu haijui pa kukaa." Mimi, na cheti changu, nikadhani anamkumbuka mnyama wake.

Nimelifikiria sana jambo hili. Mji huu unajua kuuliza kilichomo ndani ya kikapu, na baada ya kifo cha yule kijana ni haki yake kuuliza. Lakini aliyebeba kikapu hutegemea mtu wa katikati, na mtu wa katikati anaweza kuwa mimi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshahitimu. Ndugu zangu mnaowafasiria wazazi kwa daktari, shuleni na ofisini, chukueni hili: neno unalolijua vizuri kuliko yote ndilo la kuuliza kwanza.

Nililijua hilo matangani. Nyumba ilifurika, viti vilikwisha, na mjukuu wa marehemu akanitolea jikoni kigoda kifupi cha mbao, cha kukunja, ambacho mbele yake kilikuwa kimefungwa kanga. Nikakaa, magoti yakagusa masikio. Binti yule amezaliwa hapa. Miaka yote nikimsalimia kwa Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza. Nikamuuliza kwa upole, sasa nani atamlisha mbuzi wa Bibi? Kwa mara ya kwanza akanijibu kwa lugha ya bibi yake.

"Anko, Bibi hakufuga mnyama. Mbuzi ni ya kukunia nazi. Ndiyo hiyo uliyoikalia."