Kahawa Katika Shamba la Bwasa

Usiku huo Adolphine hakuvua kitenge. Alikaa kitini nyumbani kwake Cimpunda, mjini, simu mapajani, akisikiliza kila hatua kwenye njia ya matope iliyopita mlangoni. Mumewe, Isidore, alikuwa ameteremka Mumosho asubuhi kuzungumza na mzee Évariste, mwenye shamba wanalolima. Alisema angerudi kabla ya giza. Jioni simu yake iliita bila kupokewa. Baadaye haikuita tena.

Shamba lile walilichukua kwa bwasa. Kila anayelima huko anajua maana yake: unampa mwenye ardhi pombe na fungu la mavuno, unapanda maharagwe au viazi, unavuna, unaondoka. Mti haupandwi. Anayepanda mti amesema kwamba haondoki tena, yeye na wajukuu wake.

Lakini serikali ilileta msaada wa kilimo, pesa kwa simu kwa kila mkulima atakayepanda kahawa. Agronomu, mtaalamu wa kilimo aliyeleta msaada huo, alipouliza shamba ni la nani, Isidore alijibu, "Ni yetu." Adolphine alisimama pembeni akiangalia jembe lake, kisha wote wawili wakapigwa picha. Binti yao Nathalie alikuwa amefukuzwa shule kwa kukosa karo. Walipanga kumweleza mzee baadaye, wakimpelekea mbuzi. Msaada uliingia, Nathalie akarudi darasani, mbuzi hakununuliwa. Kisha miche ya kahawa waliyopanda ikarefuka, ikaanza kuonekana kutoka barabarani.

Kulipopambazuka, jirani yake Bintu alimkuta amesimama mlangoni.

"Maman Nathalie, utazeeka na hiyo sura. Bwana yako kasiksi ilimuangusha tu."

"Isidore hakunywake pombe, unajua."

"Basi iko na bibi ingine kule. Heri hiyo."

Bintu alicheka peke yake, kisha akafungua pindo la kitenge chake na kumpa nauli ya pikipiki.

Shambani, miche yote ilikuwa imeng'olewa na kulazwa kando ya njia, mizizi yote ikielekea mjini. Maharagwe yaliyokuwa katikati yake hayakuguswa hata jani. Wanawake waliokuwa wakipalilia shamba la jirani hawakuinuka kumsalimia.

"Mulimuona Isidore?"

"Siye tuko na kazi, maman," mmoja alijibu, uso ukiwa chini.

Akapanda hadi kwa mzee. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani watu walikuwa wakiongea. Alipobisha, maongezi yakakatika.

"Nani?"

"Ni mimi, Adolphine, bibi ya Isidore. Papa Évariste, niko natafuta bwana yangu."

"Unatafuta bwana ama shamba?"

"Bwana. Shamba ni yako, papa. Nitasema vile mbele ya chefu, mbele ya agronomu, mbele ya bantu bote."

"Kwa agronomu mulisema iko yenu. Na picha mulipigwa, munacheka."

"Tulikosa, papa."

Halafu, ndani kabisa ya nyumba, mtu akakohoa, kikohozi kikavu ambacho kilikuwa kikimwamsha Adolphine kila asubuhi tangu aolewe.

"Isidore?"

Mtu alisogea karibu na mlango, karibu kiasi kwamba alimsikia akipumua. Adolphine akaweka kiganja juu ya mbao.

Ndani, komeo likasukumwa mpaka mwisho, mlango ukakazwa.