Kuvu Katika Chumba cha Upasuaji

Masika ile kiyoyozi cha chumba chetu cha upasuaji kilianza kutoa harufu ya nguo zilizokunjwa mbichi. Mimi ni muuguzi katika hospitali ndogo Bagamoyo, na chumba hicho ndicho kazi yangu. Tulisugua kuta kwa dawa, harufu ikarudi. Mtaalamu wa maabara akaacha visahani vyake vya kuoteshea vijidudu wazi chini ya kiyoyozi, na siku chache baadaye akatuita tuvione. Vilikuwa vimeota kuvu, la kijani na jeusi, kama manyoya.

"Hakuna aliyevigusa," alisema. "Hii imetoka hewani."

Daktari alivitazama, kisha akakifunga chumba. Mimi nikawaza matumbo yote tuliyoyafungua chini ya hewa ile.

Mafundi walikuwa bado hawajakifungua kiyoyozi mdogo wangu alipoletwa kutoka Kaole kwa bajaji, ana uchungu wa uzazi. Mtoto alikuwa amelala kingamo tumboni, mkono umetangulia, na kanga aliyokalia imelowa damu. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaondoka na mwingine, na maji yalikuwa yameikata barabara pale Kerege.

"Dar hafiki," daktari alisema. "Tutampasulia chumba cha vidonda."

"Daktari, humo tunakamulia majipu."

"Najua. Kisugueni. Kule kuna kitu kinachopeperuka, nisichoweza kukifuta."

Tulisugua mpaka vidole vikachubuka. Tukafunga madirisha, tukazima feni. Mdogo wangu alipigwa sindano ya ganzi mgongoni, akanishika mkono.

"Dada, mbona unatetemeka?"

"Baridi tu," nikamjibu, na chumba kilikuwa kama tanuri.

Mtoto alitoka amelegea. Mkunga alimsugua mgongo, akamsugua tena, ndipo akalia. Wa kike. Wenzangu walishukuru Mungu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye tumbo lililo wazi, na kwenye hewa juu yake, ambayo haikuonyesha kitu.

Kila asubuhi nilifungua mimi mwenyewe bandeji ya mdogo wangu. Nilinusa kwanza, ndipo nikatazama. Mshono ulikuwa mkavu, lakini siku moja nilimkuta anachemka kwa homa. Nilijifungia chooni nikasoma kila dua niliyoijua, kisha nikamwita daktari. Alibonyeza tumbo polepole, akapima damu, mwisho akagusa matiti. Yalikuwa magumu kama mawe.

"Ni maziwa yamejaa," alisema. "Mkande, mtoto anyonye."

Kufikia jioni homa ilikuwa imeshuka. Nililia huku nakamua kitambaa.

Mafundi walipokifungua kiyoyozi, ndani kilikuwa cheusi tii. Kikatolewa chote, na chumba hakikutumika tena mpaka visahani vipya vilipobaki safi.

Mdogo wangu nilimweleza habari ya kuvu baada ya arobaini, nyumbani kwake, mtoto amelala mapajani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama umemwambia?"

"Bado."

"Usimwambie," akasema, akamfunika mtoto.