Majina Niliyotoa kwa Ajili ya Kiwanja

Huku Mangobo parseli zetu za kujengea nyumba ni ndogo. Ukitandika mukeka mbele ya mlango, miguu yako iko kwa jirani. Kwa hiyo mutu akikufa kwenye aveni, njia yetu hii, kilio tunakifanya kiwanjani, nyuma ya nyumba za matofali. Tunafunga turubai, tunapanga viti, tunakaa siku tatu, usiku na mchana. Mgeni akipita pale anaona majani na watoto wa mpira. Mimi naona nani alililiwa pembe gani. Shule niliacha primere ya tatu, lakini majina ninayo yote. Hapa sitataja hata moja, yana wenyewe.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, akaja mwanamke mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Mangobo, na matope yale! Nikajua huyu hakai na sisi. Mkononi alikuwa na makaratasi na kalamu mbili. Akaniita koko, kama bibi yake.

"Bonjour, koko. Tunauliza wakaaji mawazo yao. Kiwanja itakuwa pahali pa kupumzikia: mabenchi, maua, bembea ya watoto."

"Na nini tena?"

"Na ukuta kidogo. Na mlango, utafungwa saa kumi na mbili ya mangaribi, juu ya usalama."

Hiyo ya ukuta aliisema mbio, kama mutu anayemeza dawa chungu. Nikamtazama. Tangu nizaliwe, hakuna aliyepita kwangu kuniuliza ninapenda nini. Nyuma ya soko waliuliza watu wa kule hivyo hivyo, wakagawa na limonade. Leo pale kuna ghorofa ya mutu mmoja, na mbwa.

"Koko, nitajie wakaaji wanaotumia kiwanja, na kila mmoja anataka nini. Niandike."

Ahaa. Majina. Jina la mutu aliye hai likiingia kwenye karatasi ya watu nisiowajua, kesho watasema alikubali. Basi nikaanza kumtajia wale ambao hakuna atakayewasumbua tena. Fundi wa baiskeli: anataka kivuli, maana siku zake jua lilichoma watu. Mama muuza mikate: anataka maji karibu, ya kupikia watu wengi. Mwanamke aliandika, "merci, koko, merci."

Jirani yangu alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, pale pale. Akaacha mchi hewani, akaniambia kwa Kilokele, ili mgeni asisikie: "Mama, huyo si tulimzika?"

"Twanga," nikamjibu.

Siku ya Yezu, jumapili, baada ya misa, tukaitwa kiwanjani. Shefu wa kartye, mkubwa wa mtaa wetu, alikaa mbele na kofia yake. Karani wake, mugeni bado kwetu, akasimama kusoma mawazo ya wakaaji kwenye makaratasi ya yule mwanamke. Alisoma jina la kwanza, watu wakacheka kidogo, wakidhani amekosea. La pili, kicheko kikafa. La tatu, mama mmoja nyuma akashika kichwa: "Yaya eee!" Na karani hajui kitu, anaendelea tu na sauti nzuri: huyu anataka kivuli, huyu anataka maji. Halafu akasoma jina la mama mzazi wa shefu, na neno lake: hataki ukuta.

Shefu akainua mkono. "Bon. Nani ametoa hili jina?"

Nikasimama. "Ni mimi, papa. Mama yako tulimlilia pale, karibu na ule mupapai. Watu wake walitoka Yanonge kwa mto, na pirogi tatu, wakafika giza imeshaingia. Mlango ungekuwa umefungwa, wangelala wapi?"

"Barabarani!" mutu akapiga kelele, na wengine wakaitikia.

Shefu alivua kofia. Akaiweka mapajani. Akasema: "Mabenchi, ndiyo. Ukuta, hapana." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Mwanamke wa viatu vyeupe akanifuata. "Koko, ulinidanganya."

"Uliuliza wakaaji, mwanangu. Wale hawajahama."

Akanipa karatasi mpya, isiyo na ukuta, niweke kidole. Nilimwita binti wa jirani anisomee mara mbili. Ukuta haikuwa ndani, kweli. Lakini chini kulikuwa na nafasi nyeupe ndefu, na nafasi nyeupe mutu anaweza kuijaza. Nikamrudishia.

Mimi pia siku yangu haiko mbali, na parseli yangu haiingizi watu kumi. Donc ninachunga. Mabenchi mawili yamekuja, watoto wanayarukia. Lakini simenti ya ukuta bado imepangwa kwenye baraza ya shefu, mifuko juu ya mifuko, imefunikwa plastiki. Mutu aliyeacha kujenga anafunika simenti ya nini? Kila asubuhi, nikienda sokoni, ninapita pale.

"Bado unatuchunga, koko?" ananiuliza shefu.

"Ninasalimia tu, papa."

Simenti ikikaa mvua nzima inageuka jiwe, haijengi tena. Juzi, shefu akiwa ndani, nilidunga mfuko mmoja na fimbo yangu. Bado ni laini.