Ungo Mtupu Kwenye Maboga ya Mama

Nyumbani kwetu Kilolo, mwanamke aliye kwenye siku zake haingii kwenye maboga. Mama anasema akiingia, majani yanakauka na maboga machanga yanaoza. Mimi nimesoma, jambo hilo nalicheka, ila nalicheka nikiwa mjini. Kwenye bustani ya mama nalifuata, maana mama yangu si wa kuchezewa.

Ndiyo maana Jumamosi ile aliponipa ungo nikachume mboga, nilimjibu, "Leo siwezi, mama." Hakuuliza. Alimwita mke wa jirani atuchumie, akasema yeye mwenyewe goti linamsumbua. Tukala ugali wetu kwa majani ya maboga, jioni nikarudi Mlandege, Iringa mjini, ninakoshona nguo.

Siku zangu zikaisha kama kawaida. Kisha katikati ya mwezi, nikiwa kwenye cherehani, nikahisi unyevu. Nikaenda chooni. Ilikuwa damu, si nyingi, lakini nyekundu kabisa. Nikajiambia ni uchovu. Kesho yake ikaja tena. Nikaanza kuvaa sketi nyeusi tu, na mteja akisimama nimpime, kwanza napapasa nyuma yangu mwenyewe.

Niliogopa sana, kwa sababu damu ya namna hiyo ilishaingia kwetu. Mama yangu mdogo alikuwa akipanda mpunga Madibira, akiinama majini kutwa. Alipoanza kutokwa damu wakati alishakoma hedhi alisema ni ubaridi wa maji, na wenzake wakakubali, kwani kila mmoja wao alikuwa na maumivu aliyoyasingizia maji yale. Alipofikishwa hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Mimi na mama ndio tuliomwogesha hadi mwisho. Mama hadi leo halitaji jina la ugonjwa ule. Anasema tu, "ile damu."

Sikumwambia mtu. Mume wangu nilimdanganya kwamba tumbo linanikata. Nakata kitambaa huku nawaza nani atawalea wanangu. Nilishamchagulia mume wangu hadi mke mwingine, mpole kuliko mimi, anayepika vizuri, na nikamchukia hapo hapo.

Nilipokwenda tena Kilolo, mama akanipa ungo.

"Siwezi, mama."

Mkono wake ukabaki hewani. "Si juzi tu ulikuwa kwenye siku zako?"

"Zimekuja tena."

"Siku haziji hivyo, mwanangu." Akauweka ungo chini, akakaa kwenye kigoda. "Tangu lini?"

Nikamweleza yote nikilia. Hakunibembeleza. Alisema Jumatatu tunakwenda hospitali, mimi na yeye.

"Na goti lako je?"

"Goti ni langu, we nyamaza."

Muuguzi aliyetupokea alikuwa dada mtaratibu, mwenye sauti ya chini. Aliniuliza siku zangu za mwisho zilikuwa lini, kama natumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango, kama natokwa damu baada ya kukutana na mume wangu. Akapima mkojo kuona kama nina mimba.

"Damu ya katikati ya mwezi ina sababu nyingi, dada," akasema. "Inaweza kuwa hizo dawa za uzazi wa mpango. Inaweza kuwa mimba yenye shida, maambukizi, au vinyama. Na mara nyingine ni saratani, sitakuficha. Kwa kuwaza tu hutajua. Lazima tuangalie."

Mama, aliyekuwa ameketi pembeni akikunja na kukunjua ncha ya kitenge chake, akauliza taratibu, "Na mtu mzima je? Aliyekwisha koma hedhi?"

"Huyo hata akiona tone moja asikae nalo nyumbani, bibi. Aje haraka."

Nikajua anamuulizia marehemu mdogo wake. Nikamwonea huruma.

Nilipolala kitandani muuguzi alinipaka siki ya kupimia kwenye mlango wa kizazi, akamulika. Mimi niliikodolea macho dari. Alimwita daktari. Nikakumbuka mama mdogo naye aliitiwa daktari. Daktari akaona kinyama kidogo kinaning'inia, akakitoa, akasema kitapelekwa maabara.

Kusubiri majibu kulinikondesha. Simu ikilia, nashtuka hadi uzi unakatika. Siku niliyoitwa nilikwenda na mume wangu, maana nilikuwa nimeshamwambia ukweli. Daktari akatuambia hakuna saratani. Nililia kwa sauti pale pale, watu wa kwenye benchi wakadhani nimefiwa. Nikampigia mama. Akasema, "Asante Mungu, asante Mungu."

Jumamosi iliyofuata nikapanda Kilolo na sukari na sabuni, mwepesi kama msichana. Mama akanikabidhi ungo. "Haya, leo huna kisingizio. Kachume."

Nikaingia kwenye maboga nikicheka. Baada ya hatua chache nikaacha kucheka. Majani yalikuwa yamekomaa, magumu, mengine ya njano, na mashina yamesukana hadi huoni pa kukanyaga. Pembeni tu ndipo palipochumwa, pale anapofikia mke wa jirani. Bustani hii iko nyuma ya jiko la mama. Mama alikoma hedhi kabla mimi sijaolewa, na tangu hapo nimemwona akiingia humu kila siku ya Mungu.

Nikakumbuka siku ya hospitali, jinsi alivyopanda kilima kwenda stendi akinitangulia, bila kuchechemea hata kidogo.

Nikageuka. Alikuwa amesimama ukingoni mwa bustani, vidole vya miguu vikiishia pale pale mashina yanapoanzia.

"Mama, njoo unisaidie kuchuma."

Akatikisa kichwa.

"Njoo, mama. Hatua moja tu."

Akaitazama miguu yake. Kisha akaniangalia, na uso wake ulikuwa ule ule niliouona tulipokuwa tukimwogesha mdogo wake.

"Siwezi, mwanangu," akasema.