Baba Mdogo Hakusinzia

Nilirudi nyumbani Maili Moja nikiwa nimenuna. Miaka miwili nilikuwa Dar nikiandika riwaya, na mchapishaji wa tatu alikuwa ameirudisha na barua ya mistari miwili, mmoja ukiwa wa salamu. Mama hakunilaumu. Alinipikia makande, kisha akaweka mezani fomu ya kujiunga na chuo cha ukatibu muhtasi, akaigandamiza kwa chupa ya chai isipeperuke. Kila nilipomimina chai niliiona. Niliapa kwamba nitakaa wiki moja tu, na fomu ile siijazi ng'o.

Jumapili hiyo kamati ya harusi ya dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, ilikutana barazani kwetu. Ilikosa katibu.

"Huyu si ndiye mwandishi?" mama akasema. "Aandike."

Nikakabidhiwa kauntabuku na kalamu inayovuja. Nilikasirika kwelikweli. Riwaya nzima ipo kwenye begi, halafu watu wananitaka niandike nani atafuata maturubai!

Kwa hasira nikaandika kila kitu. Kwamba mwenyekiti, mtumishi mstaafu, alikohoa mara tatu kabla ya kusema "Ndugu wajumbe." Kwamba shangazi alifika kutoka Kisarawe kwa kuchelewa saa nzima, amebeba fenesi, na fenesi likapata kiti kabla yake. Kwamba kwenye hoja ya rangi ya sare, baba mdogo alisinzia mpaka kofia ikamdondokea kwenye kikombe. Nani angesoma?

Nilisahau kwamba hawa ni watu wa ofisi. Kwao kikao hakianzi mpaka muhtasari wa kikao kilichopita usomwe, ukurasa kwa ukurasa, na uthibitishwe. Jumapili iliyofuata mwenyekiti akaamuru, "Katibu, soma." Nilisoma wote, mpaka kofia na kikombe. Baba mdogo akanyoosha mkono.

"Ukurasa wa pili, mstari wa nne. Sikusinzia. Nilikuwa natafakari."

"Kwa kukoroma?" shangazi akauliza.

Hoja ikajadiliwa dakika arobaini, hoja ya chakula cha wageni ikasubiri. Mwishowe ikapigwa kura. Baba mdogo alishindwa, na kura yake mwenyewe hakuipiga, maana wakati wa kunyoosha mikono alikuwa anatafakari tena.

Kikao cha tatu viti havikutosha. Walikuja hata wajumbe ambao tulikuwa tunawajua kwa majina tu. Shangazi aliwahi kuliko wote, amevaa kitenge kipya, akakaa mbele yangu na kuninong'oneza, "Umekiona lakini?" Mwenyekiti alikohoa mara tano, kisha akanitazama kuona kama nimehesabu. Wiki yangu moja ikawa nane. Nilijiambia ni kwa ajili ya harusi.

Harusi ikapita. Kikao cha mwisho kilikuwa cha kuvunja kamati, na niliona uchungu kama mtoto anayenyang'anywa mpira. Nikifunga kauntabuku ile, nitakachobaki nacho ni fomu. Mwenyekiti alipofika kwenye "Mengineyo", mama, ambaye vikao vyote alishughulika na chai tu, alinyoosha mkono.

"Naomba katibu atusomee na ile yake ya Dar."

Nikaileta. Nikasoma sura ya kwanza. Nilipomaliza, baba mdogo alikuwa macho. Macho makavu kabisa.

"Huyo mzee anayelala kwenye kiti, ukurasa wa kwanza. Ni nani?"

"Nimembuni tu, baba mdogo."

"Basi awe anatafakari."

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayethibitisha. Shangazi akathibitisha. Akauliza nani anaunga mkono.

"Naunga mkono," mama akasema.

Nikafungua kauntabuku niandike hilo, nikakuta kurasa zimekwisha. Mama akaingia ndani. Nikasikia chupa ya chai ikisogezwa mezani. Akatoka na ile fomu, ina alama ya duara la chai katikati, akaigeuza na kuniwekea mapajani.

"Andika hapa nyuma," akasema. "Na usisahau kuandika ni nani aliyeunga mkono."