Nilijifanya Sielewi Maelekezo ya Binti Yangu

Mimi ni mwongo, ndugu zangu. Nimemdanganya mtoto niliyemzaa mwenyewe, tena kwa jambo la kijinga mno! Nisikilizeni kwanza, mtanitukana baadaye.

Naishi Mafiga, hapa Morogoro, peke yangu. Mume wangu alishafariki. Kazi yangu ya kiwandani iliisha zamani, kiwanda kilipobinafsishwa wakatupunguza. Wanangu watatu wametawanyika. Mkubwa, Mwajuma, ni muuguzi Mwanza.

Yeye ndiye aliyeanzisha kikao cha familia cha video kila Jumapili. Akaniandikia: "Mama, gusa yale maandishi ya bluu niliyokutumia. Simu ikiuliza kuhusu kamera, gusa Ruhusu. Halafu gusa Jiunge. Usiogope, simu haiharibiki kwa kuguswa."

Nilielewa! Ila Jumapili ya kwanza mtandao ulikata kweli. Kikao kilipokwisha Mwajuma akanipigia, tukaongea sisi wawili tu. Mguu wangu unaouma, bamia zangu, vituko vya ndugu zetu wa Kinole. Akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Jamani! Sikuwa nimesikilizwa hivyo tangu tumzike baba yake.

Jumapili iliyofuata mtandao ulikuwa mzuri. Nikaiweka simu mezani, nikaitazama tu. Alipopiga nikasema, "Mwanangu, imegoma. Sielewi."

"Pole mama, labda mimi ndiye nimeandika vibaya."

Akaandika upya. Kila nilipodanganya, alizidi kurahisisha. Akanitumia picha za simu yake, pa kugusa pamezungushiwa duara jekundu. Akaeleza kwamba alama ya kipaza sauti ikiwa na mstari, wao hawanisikii.

Mimi huku nikampa jirani yangu Mama Salehe maelekezo hayohayo. Nikamsimamia mpaka akamwona mwanawe aliyeko Omani!

Ikafika siku ya kupanga mahari ya mwanangu wa mwisho. Mwajuma akasema, "Bila mama hatuamui kitu." Akaomba ruhusa kazini, akapanda basi kuja kunifundisha. Akakosa mahafali ya darasa la saba ya mwanawe. Nilijua, sikumzuia. Nilikuwa jikoni napika wali wa nazi kwa furaha!

Tulikaa sebuleni, amenishika kidole, nami najifanya napapasa. Mama Salehe akapiga hodi, akaingia.

"Kumbe ndiye huyu! Asante mwanangu, maelekezo yako yamenisaidia. Mama yako ndiye aliyenionyesha yote, ni fundi kweli!"

Mwajuma akaniachia mkono.

"Mama, ulikuwa unajua?"

Nikaiweka simu mezani.

"Mwanangu alikuwa ananitafuta kati ya wazazi, mama." Akaingia chumbani, nikamsikia analia.

Asubuhi akaniamkia kwa adabu zote, akaondoka.

Sasa kila Jumapili naingia kikaoni. Mwajuma hunisalimia pamoja na wenzake, kikiisha anatoka. Hanipigii tena. Nikimpigia, "Mama, niko kazini."

Juzi nimemwandikia: "Nilikuwa mpweke, nilitaka sauti yako tu. Nisamehe." Naona ameusoma ujumbe. Hajajibu.

Wazazi wenzangu, msizunguke kama mimi! Ukimkumbuka mwanao mwambie, "Nipigie, nina hamu na wewe." Mimi niliona aibu kusema hivyo, nikaona heri nijifanye mjinga. Semeni mapema, wakati watoto wenu bado wana hamu ya kuwasikia!